Kopo la Vinavyoingia

Mwezi wa Mei Sabaki huleta udongo wa bara
na bahari ya Malindi huwa chai ya maziwa.
Hazamii mtu. Ndipo wazamiaji
wananikumbuka, huku nyuma ya duka la mabomba,
wananishushia magunia:
mipira ya hewa imesokotana humo
kama pweza watatu waliogombana.

Tsofa alikuja na mmoja tu,
kaukamata shingoni kama aletaye kuku mgonjwa.
"Bi Mbeyu, unaingia," akasema, "lakini haumalizi."

Unaingia mizunguko mingapi?

"Miwili na nusu. Wa tatu nimetia spana."

Nikaweka chini kikombe changu.

Maana spana naijua, haina swali.
Na shaba haijui kusema hapana,
shaba ina adabu, hukubali, hukubali,
mpaka siku uko mita kumi na nane chini
ndipo inakumbuka kwamba haikutaka.

Kiungo, akakiri, alikinunua gereji ya Maweni,
kimetoka kwenye breki ya Probox.
"Upana ni ule ule. Kinang'aa vile vile.
Hata bei ilikuwa sawa."

Nikatoa kitana changu cha kupimia hesi,
majani ya chuma yenye meno madogo.
Mpira wake: thumuni tatu za inchi,
meno ishirini na manne kwa inchi moja.
Jani lililoandikwa hivyo likalala juu yake
kama paka anayejua mto wake.
Kisha nikatwaa jani la kile kiungo,
kumi kwa moja, hesabu ya milimita,
nikalilaza pale pale.
Jino la kwanza likaketi.
La pili likaketi.
La tatu likainua kisigino.

Njoo dirishani, nikamwambia.
Akafumba jicho moja. Kati ya meno
mwanga ulipita, mwembamba kama kope.

"Hicho tu?"

Hicho tu.
Na nyuma ya hicho tu, mtungi wa baa mia mbili,
ambazo regileta huzibembeleza hadi zibaki kumi.
Baa moja ni baa, Tsofa, seuze kumi.

Mafundi wenzangu huita kazi hii ndoa:
fitingi dume, fitingi jike, wakacheka.
Mimi niliyeolewa mara mbili sisemi hivyo.
Yule wa kwanza tulikwenda vizuri
miaka miwili na nusu.
Wa tatu tukatia spana:
shangazi zake, wajomba zangu,
kila mtu na mkono wake.

Katika kreti aliyoniachia Mtaliano mmoja
alipouza boti, akauza na mbwa,
nikachambua viungo ishirini na kitu
hadi kimoja kikaniitikia.
Nikang'oa ringi ya mpira iliyochanika,
nikavika mpya, nikaipaka mafuta kidogo,
kiasi cha utosi wa mtoto.
Halafu vidole. Vidole peke yake,
mizunguko yote, bila kushikwa, bila kubishana,
chuma kikagusa chuma.
Spana ilikuja mwisho, kusalimia tu.

Tukafungua hewa, tukatosa kwenye karai la kufulia.
Povu moja likapanda.
Nikainua kidole: ngoja, hilo lilikuwa limejificha
chini ya nati.
Nje muuza mahamri alipita, akarudi.
Tsofa alikuwa ameinamia karai
amebana pumzi, mtu mzima na ndevu zake,
kana kwamba ni yeye tuliyemtosa.
La pili halikuja.

Kiungo cha Probox nilikitia koponi,
kopo la siagi lenye wino wa kalamu nene:
VINAVYOINGIA.
Limejaa hadi mdomoni, na si vibovu,
kila kimoja kina gari lake mahali.

Akauliza deni langu kiasi gani.
Nikamwambia: hiyo spana. Iache hapa
mpaka Sabaki isafike.